Sabufa ilikufa amplifaya, nimeweka bodi mpya, inaimba sekunde tatu inakata. Wakuu nisaidieni

#1 – Mwana wa Muheza

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Nina sabufa ya 2.1, mama mmoja na vitoto viwili, niliinunua 2016 nikiwa bado napanga chumba kimoja. Imepiga harusi ya dada, imepiga arobaini ya mtoto, imepiga Kombe la Dunia mara mbili. Mwezi uliopita jioni moja umeme ulikuwa unaenda na kurudi kama kuna mtu anachezea swichi. Uliporudi mara ya tatu, mama akatoa mlio mmoja mzito, vuuuu, karatasi ya spika ikasukumwa nje ikaganda hukohuko. Muziki hakuna. Harufu ikaanza, nikaruka kuchomoa plagi.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Hakushika testa. Alifungua nyuma, akanusa, akafunga. "Bodi imekufa hii. Niachie nikupe elfu kumi na tano." Yaani nimeenda kutengeneza, nakaribia kurudi nimeuza! Nikabeba mzigo wangu nikarudi nao.

Nyumbani nikafungua mwenyewe. Testa ninayo, pasi ya kuunga na risasi ninazo, elimu yangu ni ya kudokoa huku na huku. Nilichokuta ndani:

Transfoma ya 12-0-12. Kapasita kubwa mbili za 4700µF 25V, moja imevimba kichwa kama andazi. IC tatu za TDA2030A, chipu za kukuza sauti, zimepigwa skrubu kwenye hitisinki moja, kile chuma cha kupoozea, mbili za vitoto na moja ya mama. Nikachomoa spika zote, nikawasha, nikapima pini ya 4 ya kila IC, ile ya kutoa sauti. Za vitoto zilisoma karibu na sifuri. Ya mama ikasoma volti 15.8! Ndiyo maana karatasi iliganda nje: spika ilikuwa inalishwa umeme mnyoofu badala ya muziki.

Spika zenyewe zimepona, nadhani kwa sababu nilichomoa mapema. Mama anasoma omu 3.4, vitoto 3.6 na 3.5. Nimegusisha betri ndogo ya 1.5V, karatasi inaruka vizuri, na nikiisukuma taratibu kwa vidole haikwaruzi.

Sasa badala ya kubadilisha IC nikaona nifanye ya kisasa. Nikaagiza bodi ya klasi D ya 2.1, amplifaya za kisasa zisizochemka sana, ile yenye IC ya TPA3116, kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi. Ina vitufe vyake vya sauti, besi na trebo. Imeandikwa 12V hadi 24V. Nikasema si ndiyo hiyo, transfoma yangu ncha mbili za pembeni zinatoa 24! Nikapitisha kwenye dayodi, nikaweka kapasita, nikawasha. Bodi ilisema "tch", moshi mwembamba, kwisha. Nilipopima baadaye nikakuta 33V. Volti 24 za transfoma ukishazipitisha kwenye dayodi na kapasita unazidisha kwa 1.4, na mimi hilo nililisoma sekondari kabisa. Msinicheke.

Bodi ya pili nimetumia chaja ya laptopu, 19V ampea 3.42. Nimeunga kwa makini. Nimeiweka ndani ya boksi lilelile, waya zimeenda kwenye soketi zilezile za nyuma. Nikawasha: inaimba VIZURI, sekunde tatu hivi, inakata. Inatulia, inarudi, inakata tena. Hata sauti ikiwa chini kabisa. Bodi haichemki.

Nimeshika kichwa. Tatizo ni nini?

#2 – Kijiwe Namba 4

Naweka kiti hapa. Uzi bila picha lakini tunavumilia.

#3 – Bosi Mtarajiwa

Mkuu, muda wote huo ungeshanunua mpya. Kuna sabufa siku hizi wati 12,000, bei ya kawaida tu.

#4 – Mwana wa Muheza

@Bosi Mtarajiwa, wati 12,000 ni pasi kumi na mbili zimewaka kwa pamoja. Nenda kageuze hiyo sabufa nyuma uangalie fyuzi yake imeandikwa ngapi. Ukikuta ampea 1, basi kwenye umeme wa 230V haiwezi kuvuta zaidi ya wati 230 kwa kitambo, na hapo bado joto halijachukua chake. Hizo 12,000 ni za kuuzia maboksi. IC ya kwangu, ikipewa ±16V na spika ya omu 4, inatoa kama wati 18, na majirani wamenilalamikia miaka yote hiyo.

#5 – Kipaza Sauti

Mkuu tatizo ni chaja. 19V mara 3.42 ni wati 65 tu. Bodi inataka 50 + 50 + 100. Chaja inalemewa inajizima, inajiwasha. Tafuta ya ampea 4.74.

#6 – Mwana wa Muheza

Hilo nililifikiria, nikapima. Sauti inapokata, chaja bado inasoma 19.1, haitikisiki. Na kwa sauti ya chini hivi haiwezi kula hata wati 5.

#7 – Nusu Fundi

Zima Bluetooth, jaribu kwa waya. Hizo moduli za bei poa huwa zinakatakata.

#8 – Mwana wa Muheza

Nimechomeka simu kwa waya, vilevile. Halafu cha ajabu, nikichomoa vitoto vyote viwili na kumwacha mama peke yake, HAIKATI. Nikirudisha kitoto kimoja tu, cha kulia au cha kushoto, inakata.

#9 – Mzee wa Risasi

Kijana, hapo mwishoni umetoa jibu mwenyewe ila hujaliona.

Nina swali moja tu. Vitoto vyako vinachomekwa nyuma kwa nini? Ni zile soketi za duara, nyekundu na nyeupe? Kama ndizo, zima kila kitu, weka testa kwenye omu, gusa chuma cha nje cha soketi ya kulia na chuma cha nje cha soketi ya kushoto. Halafu gusa kimoja na nguzo hasi ya soketi ya kuingizia muziki. Rudi na namba.

#10 – Mwana wa Muheza

Mzee wa Risasi shikamoo. Ndizo, za duara, zimepangwa kwenye bati moja la nyuma.

Kulia na kushoto: 0.2. Kulia na hasi ya kuingizia muziki: 0.2 pia.

#11 – Mzee wa Risasi

Marahaba. Basi ndiyo hiyo.

Sikiliza. Kwenye bodi yako ya zamani kila spika ilikuwa na waya mmoja wa moto, unaotoka pini 4 ya IC, na waya wa pili ulikwenda kwenye sifuri, yaani ile ncha ya kati ya transfoma. Waya hasi wa vitoto vyote viwili, wa mama, wa soketi za kuingizia na bati la nyuma, vyote ni mahali pamoja. Kiwandani wakatumia bati moja, wakaokoa waya na skrubu. Kwa saketi ile halikuwa kosa hata kidogo.

TPA3116 si hivyo. Ile haina sifuri kwenye spika. Ina amplifaya mbili kwa kila spika, moja inasukuma upande huu, nyingine inavuta upande ule, kinyumenyume. Waya ulioandikwa "hasi" pale kwenye bodi una moto kama wa "chanya". Ukiuunga kwenye bati umeuunga kwenye sifuri, umepiga shoti toleo la amplifaya. Kuna ulinzi ndani ya IC, ukiona shoti unakata, unasubiri, unajaribu tena. Ndiyo huko kukata na kurudi kwako. Mama hakati kwa sababu yeye waya zake mbili zinaenda moja kwa moja kwenye spika humo ndani, hazipiti kwenye bati.

Shukuru IC yako ni nzima na ulinzi wake unafanya kazi. Kuna kopi sokoni, ukizipiga shoti namna hiyo haziulizi.

Dawa: ng'oa lile bati au liache tupu. Toboa mbao ya nyuma, weka soketi za kubana waya za plastiki, zile za kusukuma, nne: mbili za kulia, mbili za kushoto. Kata plagi za duara kwenye waya za vitoto, menya, uzichomeke. Waya hasi wa kulia na wa kushoto zisigusane mahali popote. Na bati la kuingizia muziki lisikutane na waya wowote wa spika.

Kisha pima tena kabla hujawasha. Kulia na kushoto isome hewa, yaani hakuna muunganiko.

#12 – Kijiwe Namba 4

Mzee kashusha nondo. Nilijua tu tatizo litakuwa kwenye bati 😂

#13 – Hufa ya Mtaa

Wadau wa bongo salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnaita sabufa, huku kwetu ni hufa.

Yangu ilizima kabisa, hata taa ya mbele haiwaki. Fundi mmoja mjini akaniambia amplifaya imekufa, niongeze kidogo aniuzie bodi mzima. Nikakataa. Nilipoifungua fyuzi ya nyuma iko sawa. Nikapima transfoma upande wa stima, yaani umeme wa ukutani: hewa. Upande wa pili unasoma vizuri. Hapo nikajua amplifaya haina makosa, chakula hakifiki.

Ukifungua ule mkanda wa njano kwenye transfoma, pole pole, kwenye ncha za upande wa stima utakuta kadude kadogo kamelazwa juu ya waya, yangu kameandikwa 130°C. Ni fyuzi ya joto. Transfoma ikipata moto kupita hapo inakatika na hairudi tena. Nikaweka nyingine ya digrii hizohizo kutoka mtaa wa Luthuli, nikafunga mkanda, hufa ikalia. Pesa ya maandazi tu.

Msije mkaunga waya mtupu pale badala ya fyuzi. Wengi hufanya hivyo. Siku transfoma ikishikana ndani, hiyo hufa inakuwa jiko.

#14 – Mzee wa Risasi

@Hufa ya Mtaa umesema jambo. Nusu ya "amplifaya zimekufa" ninazoletewa, amplifaya ni nzima. Ama fyuzi ya joto, ama kapasita, ama ile regyuleta ya 7805, ya kushusha volti hadi 5, inayolisha moduli ya USB na Bluetooth. 7805 ikifa, kioo hakiwaki, rimoti haifanyi kazi, na mwenye mali anaamini kila kitu kimekwenda. Ukitaka kujua haraka, gusa kwa kidole waya wa kuingiza sauti kwenye bodi ya amplifaya, upande wa volti ndogo tu, spika ikiwemo. Ikivuma, amplifaya ipo hai, tafuta ugonjwa kwenye vitu vya kabla yake.

Ila hilo la kidole ni kwa zenye transfoma ya chuma, nzito. Siku hizi kuna sabufa nyepesi kama boksi la biskuti, ndani zina pawasaplai kama ya TV. Zile kuna kapasita ina volti 320 na ushei, na inabaki nazo hata ukichomoa plagi. Kama hujui ipo wapi, usiingize mkono. Mimi huzipunguza moto kwa balbu iliyoungwa waya mbili, nagusisha ncha mpaka izime. Bisibisi hapana, inaruka cheche na inakula ncha ya bisibisi.

#15 – Mwana wa Muheza

Mzee, naomba nikuulize. Ningebadilisha tu ile IC ya 2030 ya mama, ingepona?

#16 – Mzee wa Risasi

Ingepona, na ungekula chai saa nne umeshamaliza. IC moja na kapasita mbili. Lakini vijana mnapenda bodi mpya, siwalaumu, na klasi D haichemki, hilo nalikubali.

Kwa atakayetaka njia hiyo, tatizo la 2030 si kuiunga, ni kuifunga kwenye hitisinki. Mgongo wa chuma wa IC ile umeungana na pini ya 3, na pini ya 3 ndiyo umeme hasi. Kwenye saketi ya ±16V mgongo wote una moto wa -16V. Lazima uweke kipande cha maika katikati ya IC na hitisinki, na kile kikombe cha plastiki kwenye skrubu, na grisi ya joto kidogo pande zote mbili. Nimeona watu wanang'oa IC, maika inabaki imegandia kwenye IC mbovu, wanaitupa nayo. Wanafunga mpya kavukavu. Hitisinki ikigusa bati tu, kwaheri.

Na kabla ya kuwasha kitu chochote ulichofungua, weka balbu ya wati 60, ya kizamani ya nyuzi, iungane kwa mfululizo na waya mmoja wa umeme. Sisi tunaita sirizi. Sabufa ikiwa nzima, balbu inawaka kidogo kapasita zinapojaa, kisha inafifia. Ikiwa kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu na haipungui, wewe hujaunguza kitu, unachomoa unatafuta. Balbu za LED hazifai kazi hii. Balbu zangu mbili nimezificha kabatini, mke wangu anajua zilipo kuliko vyeti vya nyumba.

Ungekuwa na sirizi siku ile ya ile 33V, pengine ungepata nafasi ya kupima kabla. Pengine.

#17 – Mama Wawili

Jamani mimi sina sabufa iliyokufa bodi, nina iliyokufa kwa kukosa umeme. Nipo kijijini, Kigoma, tunatumia sola, betri ya 12V ya N70. Sabufa aliniachia mdogo wangu alipohama. Kuiwasha kwa inveta inakula betri mpaka taa zinafifia saa mbili usiku. Hiyo bodi anayosema Mwana wa Muheza naweza kuilisha betri moja kwa moja?

#18 – Mwana wa Muheza

Dada, unaweza, na kwa kweli wewe ndiye bodi hii inakufaa kuliko mimi. Kinachokula betri yako ni safari ndefu: 12V inapandishwa na inveta hadi 230V, transfoma ya sabufa inaishusha tena hadi 12, kila kituo kinatoza nauli. Transfoma peke yake inakula hata muziki ukiwa umezimwa. Bodi imeandikwa 12V hadi 24V, lakini IC yenyewe ya TPA3116 inakubali kuanzia volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo betri inaunga moja kwa moja.

Nguvu itashuka, nisikudanganye. Kwa 12V na spika ya omu 4, kikomo cha hesabu ni wati 18 kwa spika, sema 15 za kweli. Kwa sebule inatosha sana.

#19 – Mzee wa Risasi

Nyongeza kwa @Mama Wawili. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, si karibu na bodi. Betri ya risasi ikipigwa shoti inatoa ampea mamia, waya unageuka mwali. Na angalia ncha mara mbili kabla ya kuunga, chanya kwa chanya. Bodi hizi nyingi hazina ulinzi wa kugeuzwa.

Bati la nyuma, kumbuka habari yake hapo juu.

#20 – Mama Wawili

Nashukuru baba yangu. Na wewe Mwana wa Muheza. Fundi wa hapa nitamsomea huu uzi neno kwa neno, simwachii simu.

#21 – Studio ya Chumbani

Mimi kesi yangu ni tofauti, nipo Arusha, nina spika za studio, zile ambazo kila boksi lina amplifaya yake ndani. Moja imekufa. Nikaona rahisi: nang'oa amplifaya, naunga waya za spika kubwa na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) pamoja, naleta nje, nalisha kutoka kwenye amplifaya yangu ya nje. Twita imelia kama dakika moja kisha kimya. Imeungua?

#22 – Mzee wa Risasi

Imeungua, pole.

Boksi la namna yako lina amplifaya mbili ndani, ya spika kubwa na ya twita, na mgawanyo wa sauti ulifanyika kwenye bodi kabla ya amplifaya. Twita ilikuwa haijawahi kuonja besi maishani. Wewe umempa besi yote kwa mkupuo.

Ukipata twita nyingine, isiende popote bila kapasita isiyo na upande, ya kutenganisha. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya 4.7µF inaanza kuachia juu ya kama 4,200Hz, ya 3.3µF juu ya kama 6,000. Kama twita ni ya omu 4, ileile ya 4.7 inaachia juu ya 8,400, kwa hiyo itabidi uongeze ukubwa. Inatosha isiungue. Usitegemee sauti iwe kama ya kiwandani, ule mgawanyo wao ulikuwa mkali na kila kitu kilipimwa na boksi lake. Kwa kazi ya kuchanganya muziki, ningekushauri utafute ugonjwa wa bodi yenyewe. Kwa kusikilizia taarifa ya habari, endelea.

#23 – Nusu Fundi

Mzee, na kinyume chake? Nikimtoa mama wa sabufa nikamlisha kutoka kwenye redio ya kawaida, nimwekee nini asiimbe sauti za watu?

#24 – Mzee wa Risasi

Koili. Lakini kwa spika ya omu 4 ukitaka akate kuanzia 150Hz unahitaji zaidi ya milihenri 4. Hilo ni tonge la shaba, bei yake unanunua bodi ya TPA na chenji inabaki. Ndiyo maana kwenye sabufa kazi hiyo inafanywa na kile ki-IC kidogo cha miguu minane, 4558, kabla sauti haijakuzwa. Mlishe kutoka kwenye bodi ya 2.1 tu, imeshakuwa nayo.

#25 – Mwana wa Muheza

WAKUU IMEKUBALI.

Nimeng'oa bati, nimetoboa mbao, nimeweka soketi za kusukuma. Kabla ya kuwasha nikapima kulia na kushoto: hewa. Nikawasha jana saa kumi na mbili jioni, mpaka saa nne usiku haijakata hata mara moja. Hitisinki ya bodi ni ya uvuguvugu tu.

Besi imezidi ya zamani, tena sana. Chaja ya 19V inampa mama kikomo cha wati 45 kwenye omu 4, ile IC ilikuwa inaishia 18. Nimeweka kitufe cha besi nusu, boksi likianza kutetemeka skrubu najua nimepitiliza.

Limebaki moja. Nimerudishia moduli ya zamani ya Bluetooth na USB ili kioo na rimoti vifanye kazi. Nimeilisha 5V kutoka kwenye chaja hiyohiyo kwa 7805. Kuna sauti kama ya mbu, ziiii, simu ikiunganishwa. Flashi nayo inayo kidogo. Na 7805 inachoma kidole.

#26 – Mzee wa Risasi

Hongera.

7805 inachoma kwa sababu inashusha volti 14 na kuzitupa kama joto. Moduli ikila milliampea 200, ni karibu wati 3 zinapikwa bure. Weka kile kipunguza volti cha koili, kidogo kama stempu, kina skrubu ya kurekebisha. KIREKEBISHE KISOME 5.0 KABLA ya kuunga moduli, huwa vinakuja vimewekwa volti yoyote.

Mbu ni kwa sababu moduli na amplifaya vinakutana mahali pawili: kwenye hasi ya umeme na kwenye hasi ya waya wa sauti. Kuna kibodi cha miguu minne kimeandikwa B0505S, kinaingiza 5V na kutoa 5V, lakini pande zake mbili hazigusani kabisa. Kiweke kati ya kipunguza volti na moduli. Ni cha wati 1, yaani milliampea 200, kwa hiyo usikifanye kichaji simu kupitia tundu la USB. Kama hutaki gharama, chukua kachaja kadogo ka simu, kivyake, kalishe moduli peke yake. Mbu ataondoka.

#27 – Mwana wa Muheza

Nimejaribu chaja ya simu kwanza kwa kuwa ipo ndani. Mbu kaondoka kabisa. Nimeifunga humohumo kwenye boksi na mkanda, nitanunua hicho kibodi nikienda mjini.

#28 – Mzee wa Risasi

"Kwa mkanda." Chaja ya simu ina 230V ndani yake na wewe umeiweka kwenye boksi linalotetemeka. Ifunge kwa skrubu na kibano, leo, kabla hujalala.

#29 – Mwana wa Muheza

Sawa mzee. Nimeshaifungua tena.

#30 – Kipaza Sauti

Mkuu nikiri nilikosea habari ya chaja. Ila ukipandisha besi yote na vitoto vyote, hiyo ya 65 itakuja kukata kweli, utanikumbuka.

#31 – Mwana wa Muheza

Hahaha nakubali, hilo limeshatokea. Jumapili shemeji alipanda sauti mwisho, chaja ikazima yenyewe ikarudi. Nimempiga marufuku shemeji, chaja nimeiacha.

#32 – Bosi Mtarajiwa

Nimegeuza ile ya wati 12,000 dukani. Fyuzi ampea 1.

#33 – Hufa ya Mtaa

😂😂 buda umetembea mpaka dukani kuthibitisha, heshima.

@Mwana wa Muheza hiyo transfoma na ile bodi ya zamani umefanyia nini? Usitupe.

#34 – Mwana wa Muheza

Zipo kwenye ndoo chini ya meza. Transfoma nzima, IC mbili za vitoto nzima. Jana nimeagiza 2030A moja, kapasita mbili za 4700 na maika. Shemeji anataka ya kwake.